Alama Zinapopotea, Programu Huria Isisingiziwe

Jomvu Kuu na Tudor zimekalia hori moja la bahari, lakini mwanafunzi anayelala Jomvu na kusoma katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, TUM, huzunguka kwa nchi kavu. Hupanda matatu kwenye barabara kuu ya Nairobi, akapita Changamwe na Makupa, akaingia kisiwani, kisha akatafuta gari la Tudor. Safari hiyo ina faida akienda maabara au darasani. Lakini wanafunzi wa Kenya, wawe Mombasa, Kilifi, Nairobi au Eldoret, hujikuta pia wakifunga safari kama hiyo kwa jambo lisilostahili hata nauli ya kwenda: kuthibitisha kwa mara nyingine kwamba walifanya mtihani ambao matokeo yake hayaonekani kwenye mfumo. Malalamiko ya alama zilizopotea yamesikika katika vyuo vingi vya umma kwa miaka mingi, na yamewanyima watu kufuzu pamoja na wenzao.

Malalamiko hayo yanapopamba moto, lawama hutafutiwa mahali pa kutua, na siku hizi hutua kwenye programu huria. Hoja inayosikika katika kamati za zabuni na kwenye ofisi za wakuu wa vyuo ni hii: jukwaa la masomo ni Moodle, maktaba ni Koha, hazina ya tasnifu ni DSpace, tovuti ni WordPress au Drupal, na hakuna hata moja linaloelewana na mfumo wa usajili, karo na mitihani. Vitu vya bure, wanasema, havina mwenyewe. Dawa yao ni kuvitupa vyote na kununua mfumo mmoja kamili kutoka kwa kampuni moja, ili kukiharibika kitu ipigwe simu moja.

Hoja hiyo inapendwa kwa sababu ni nyepesi. Imekosea tangu msingi, na vyuo vikiifuata vitatumia pesa visizokuwa nazo kununua tatizo lilelile, mara hii likiwa limefungiwa ndani ya mkataba.

Kwanza, programu hizi hazikuokotwa jalalani. Moodle ilitolewa mwaka 2002 na Martin Dougiamas huko Perth, Australia, na miaka mitatu baadaye Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, chenye wanafunzi wengi wa masafa kuliko karibu chuo chochote cha Ulaya, kikaichagua iwe jukwaa lake. Koha ilianza kutumika Januari 2000 katika maktaba za wilaya ya Horowhenua, New Zealand. DSpace iliundwa na chuo cha MIT kwa ushirikiano na kampuni ya Hewlett-Packard na ikatoka 2002. Hazina za tasnifu za Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Kenyatta zimejengwa juu ya DSpace. Strathmore hufundisha kwa Moodle. MUELE, jukwaa la masomo la Makerere, nalo ni Moodle. Mtu akisema vitu hivi havifai kwa chuo makini, na ataje chuo makini anachokisema.

Dai la pili ni kwamba haziunganiki. Hili linajibika kwa kueleza tu zinavyofanya kazi. Moodle ina njia ya kuandikisha wanafunzi kwa kusoma hifadhidata iliyo nje yake. Inachohitaji ni jedwali linaloonyesha nani, yumo katika yuniti gani, kwa wadhifa gani. Ofisi ya msajili haiombwi kufungua rekodi zake zote. Inatengeneza mwonekano wa kusomwa tu, usio na karo wala namba za vitambulisho, na Moodle huusoma mwanafunzi anapoingia na tena kwa ratiba iliyopangwa usiku. Aliyejisajili kwa yuniti asubuhi anaikuta kwenye simu yake akifungua Moodle mchana, na aliyeiacha anaondolewa bila barua ya mtu.

Kuhusu paswodi, Moodle, Koha na DSpace zote zinaweza kumtambua mtumiaji kupitia orodha ya chuo ya LDAP au kupitia Shibboleth, hivyo akaunti moja inatosha kwa zote tatu. DSpace hutangaza taarifa za kila tasnifu kwa itifaki ya OAI-PMH, iliyoanza 2001, na mtandao wowote wa maktaba duniani unaweza kuzivuna. Haya yote yameandikwa katika miongozo ambayo mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuisoma akiwa kwao. Mifumo funge nayo ina njia za kuunganishwa, lakini mara nyingi kila njia ina bei yake kwenye mkataba, na mwongozo wake hufunguliwa baada ya kulipa.

Kenya yenyewe ina ushahidi mkubwa zaidi. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona, wahadhiri walihitaji ukumbi wa video ambao mwanafunzi angeufikia kwa bando dogo. KENET, mtandao wa elimu na utafiti wa Kenya ulioanzishwa 1999, uliweka seva za BigBlueButton na kuziunganisha na Moodle za vyuo wanachama. BigBlueButton ni programu huria iliyozaliwa katika Chuo Kikuu cha Carleton, Kanada. Mwanafunzi aliingia Moodle kama alivyozoea, akabofya somo, akawa darasani. Hakufungua akaunti nyingine, na mhadhiri hakutafuta orodha ya majina kwingine. Programu mbili huria, zilizoandikwa katika mabara mawili, ziliunganishwa na mafundi wa Kenya wakati wa dharura, nchi ikiwa na amri ya kutotoka nje usiku. KENET hiyohiyo inaendesha RAFIKI, shirikisho la utambulisho linalomwezesha mwanachuo kuingia kwenye huduma za nje ya chuo kwa akaunti ya chuo chake. Kwa mtandao kama KENET, Waganda wana RENU, Watanzania wana TERNET. Nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilitua Mombasa 2009. Njia ipo, na waliokwisha kuitumia wapo.

Basi alama hupotelea wapi? Fuata namba ya mwanafunzi.

Kijana aliyemaliza kidato cha nne huko Jomvu huteuliwa na KUCCPS, shirika la kuwapangia wanafunzi vyuo, kwa namba yake ya mtihani wa KCSE. Bodi ya mikopo, HELB, inamjua kwa kitambulisho cha taifa. Chuo humpa namba ya usajili, ambayo katika vyuo vingi ni herufi za kozi, mkwaju, tarakimu, mkwaju, mwaka. Karo huingia kwa M-Pesa au benki ikiwa na namba aliyoiandika mlipaji, na mlipaji mara nyingi ni mjomba aliyeandika kwa haraka akiwa kazini. Sasa namba hiyo ifike Moodle. Kwa mpangilio wake wa kawaida, Moodle haikubali mkwaju wala herufi kubwa katika jina la mtumiaji. Fundi mmoja hubadilisha mikwaju iwe nukta. Anayemfuata anapendelea vistari. Wa tatu huifuta yote. Hakuna aliyekosea peke yake, na hakuna aliyeandika popote kanuni ya kufuatwa. Baada ya miaka michache mwanafunzi mmoja amekuwa watu watatu, na alama za mmoja wao hazina njia ya kumfikia mwenzake.

Majina hayasaidii, hasa Pwani. Mohamed wa cheti cha kuzaliwa ni Mohammed kwenye kitambulisho na Muhammad kwenye cheti cha shule. Mwanaisha hugawanywa kuwa Mwana Isha na karani aliyetoka mbali. Wapo wenye jina la baba na la babu tu, na fomu inadai jina la ukoo, basi kila ofisi inachagua lake. Anayejaribu kuoanisha rekodi hizi kwa majina anabahatisha na maisha ya watu.

Hapa ndipo moyo wa jambo ulipo, na inasikitisha kuona jinsi unavyorukwa kila mara. Hakuna programu duniani, ya kununuliwa wala huria, inayoweza kukiamulia chuo ni namba ipi ndiyo mwanafunzi. Uamuzi huo ni wa msajili na seneti. Ukifanywa, ukaandikwa, na ukaheshimiwa na idara ya fedha, maktaba, mabweni na idara ya mitihani, kuunganisha mifumo kunakuwa kazi ya kawaida ya ufundi. Usipofanywa, mfumo wa mamilioni utazaa watu watatu kwa mtindo uleule, ila kwa skrini nzuri zaidi.

Alama zenyewe nazo zina safari yake. Mhadhiri hutoa jaribio kwenye Moodle, na Moodle hulisahihisha na kulihifadhi. Kisha huchapa alama hizohizo upya kwenye jedwali la Excel, kwa sababu idara inataka jedwali. Idara hulituma kwa baruapepe au hulichapisha kwenye karatasi, na karani huziandika tena katika mfumo wa mitihani. Kila mara mtu anapochapa upya, mstari mmoja unaweza kurukwa, na mwanafunzi wa mstari huo ndiye atakayepanda matatu miezi mingi baadaye. Moodle inaweza kuzitoa alama hizo yenyewe, zikiwa na namba ya usajili, kwa mfumo wowote ulio tayari kuzipokea. Kinachokosekana ni upande wa pili kukubali kupokea.

Wapo watakaosema, na kwa haki, kwamba alama si mali ya mhadhiri peke yake. Lazima zipite kwenye bodi ya watahini na seneti kabla ya kuwa rasmi. Ni kweli. Kuunganisha hakuondoi hatua hiyo. Alama zinaweza kufika kwenye mfumo wa mitihani zikiwa na hadhi ya muda, zikaidhinishwa huko, na kila badiliko likabaki na jina la aliyelifanya na saa aliyolifanya. Mpangilio wa namna hiyo unamlinda mwanafunzi, na unamlinda pia mhadhiri asishukiwe.

Sasa tuitazame hiyo dawa ya mfumo mmoja. Chuo Kikuu cha Edinburgh si maskini, na Oracle si kampuni ya mtaani. Mwaka 2022 chuo hicho kilihamishia shughuli zake za fedha kwenye mfumo wa Oracle kilioupa jina la People and Money. Wauzaji wakachelewa kulipwa, na wanafunzi wa uzamivu wakakosa posho zao kwa wakati. Simu moja ya kupiga ilikuwepo. Msaada wa wataalamu ulikuwepo, na pesa zilikuwepo. Kilichokwama ni kilekile kinachokwama hapa: kazi ya watu na idara haikuwa imepangwa upya ilingane na mashine.

Kuna pia swali la kampuni yenyewe kesho. WebCT ilibuniwa katika Chuo Kikuu cha British Columbia miaka ya 1990 na ikaenea duniani; mwaka 2006 ikamezwa na Blackboard, na hatimaye jina lake likafutika sokoni. Vyuo vilivyoitegemea vilihama kwa ratiba ya mwingine. Septemba 2025 Anthology, kampuni iliyokuwa ikimiliki Blackboard, ikaenda kuomba kinga ya mahakama ya ufilisi huko Marekani. Google nayo iliwapa wanavyuo hifadhi isiyo na kikomo, lakini Februari 2021 ikatangaza kwamba kila taasisi itagawana terabaiti 100 kuanzia Julai 2022. Google ilikuwa na haki ya kufanya hivyo. Mali ni yake. Lakini anayetumia neno "bure" kuitukana programu huria angetazama vizuri ni bure ipi iliyoweza kuondolewa kwa tangazo moja. Toleo la Moodle lililo kwenye seva ya chuo halina wa kulichukua.

Lililobaki ni lile la kutokuwa na mwenyewe, na jibu lake liko Jomvu kwenyewe. Kituo cha afya cha umma cha pale, kama vingine vyote vya Kenya, hupeleka takwimu zake za kila mwezi, za wajawazito waliohudhuria kliniki na watoto waliochanjwa, katika mfumo wa taifa uliojengwa juu ya DHIS2. Hiyo ni programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na Kenya iliieneza nchi nzima mwaka 2011, kabla ya mataifa mengi ya Afrika. OpenMRS, programu huria ya rekodi za wagonjwa, iliwekwa Eldoret 2006 katika mpango wa AMPATH, unaokiunganisha Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Indiana, na ndiyo msingi wa KenyaEMR inayotumika katika vituo vinavyohudumia watu wenye virusi vya Ukimwi. Ng'ambo ya mpaka, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimelea kundi la mafundi wa DHIS2 kwa miaka mingi. Kama programu huria inabeba rekodi ya dawa ya mgonjwa, ambayo kosa lake linaua, haiwezi kushindwa kubeba alama za hesabu.

Wafadhili walitoa pesa nyingi kwa kazi hiyo ya afya, na haifai kulificha hilo. Lakini zilitumika wapi? Hazikununua leseni. Zililipa mafunzo, seva, safari za mafundi, na mishahara ya watu waliokaa na maafisa wa takwimu hadi mfumo ukawaelea. Mwenyewe wa programu huria ni mtu anayelipwa kuitunza. Vyuo vimeipenda sehemu ya "bila leseni" na kuikataa sehemu ya mshahara, kisha vikashangaa mbona mambo hayaendi.

Hapo wakosoaji wana hoja ya haki, na lazima ikubaliwe bila kuzungukazunguka. Moodle iliyowekwa na kijana wa mkataba wa miezi sita, kisha ikaachwa miaka bila kusasishwa, ni hatari kwa kila aliye ndani yake. Desemba 2021 lilipofichuka tundu katika Log4j, maktaba ya msimbo huria, dunia nzima ilihangaika usiku na mchana. Ila tundu hilo lilikuwa pia ndani ya maelfu ya programu za kibiashara, na wanunuzi wake wengi hawakuwa na njia rahisi ya kuangalia. Walisubiri kampuni iwaambie. Mwenye msimbo angalau aliweza kutafuta.

Tena, si kila kitu huria hufaulu. Kuali, mradi ulioanza 2004 wa vyuo vikubwa vya Marekani kujenga wenyewe mifumo ya utawala, ulipata shida kubwa katika sehemu ya wanafunzi, na 2014 waendeshaji wake wakaunda kampuni ya biashara. Funzo lake kwa Mombasa na Kilifi ni la maana sana: msijenge mfumo wa usajili upya kwa sababu tu mnapenda uhuria. Kama chuo kina mfumo wa karo na usajili unaofanya kazi, hata kama ni wa kununua, ubaki. Kinachotakiwa ni utoe data zake kwa njia iliyoandikwa, na majukwaa ya masomo, maktaba na hazina yaunganishwe nao moja baada ya jingine, kuanzia orodha ya wanafunzi na yuniti zao, kisha akaunti moja ya kuingilia, halafu alama.

Kazi hiyo ina wafanyakazi tayari. TUM ilianza kama MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu iliyojengwa kufundisha ufundi kwa vijana Waislamu wa Afrika Mashariki. Ikawa Mombasa Polytechnic mwaka 1972, na ikapata hati ya chuo kikuu Januari 2013. Leo inafundisha kompyuta. Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi vilevile. Swahilipot, kituo cha vijana kilicho kisiwani, kimejaa watu wanaoandika programu na kutafuta kazi. Ni jambo la kuumiza kumfundisha kijana wa Mikindani hifadhidata kwa miaka minne, kumpa shahada, kisha kupeleka kazi ya kuandika jedwali la safu tatu kwa kampuni ya ng'ambo kwa dola. Mafundi wanne wenye ajira ya kudumu, wanaoujua mfumo wa chuo chao na wanaobaki serikali na wakuu wakibadilika, wana thamani kuliko mkataba wa huduma unaohuishwa kila mwaka.

Sheria nayo haiko upande wa waliozembea. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inampa mtu haki ya kuona taarifa zake na kurekebishiwa zisizo sahihi. Alama isiyoonekana, ya mtihani uliofanywa na kusahihishwa, ni taarifa isiyo sahihi iliyo mikononi mwa taasisi ya umma. Mwanafunzi hapaswi kuiomba kama fadhila.

Kwa hiyo zabuni ijayo ya mfumo wa chuo, ya huria au ya kibiashara, iulizwe maswali manne kabla ya bei kufunguliwa. Je, data zote zitatoka kwa muundo ulio wazi chuo kikizitaka, bila malipo ya ziada? Je, mwongozo wa kuunganisha utakabidhiwa pamoja na mfumo? Je, seneti imepitisha namba moja ya mwanafunzi, na namna ya kuiandika bila mkwaju? Na je, bajeti ina mishahara ya mafundi watakaobaki baada ya muuzaji kuondoka? Pasipo jibu la ndiyo kwa yote manne, kamati ina sababu ya kutosha kukataa kutia sahihi.